Gari Lisilozima

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya mtihani, gari la kukodi lilizimika katikati ya mwinuko wa saruji, likaanza kurudi nyuma, na mkaguzi akalazimika kuvuta handbreki kwa mkono wake. Kwenye usukani alikuwa mke wa mwalimu wa udereva. Alikuwa mwanafunzi wa tatu wa shule ya mumewe kuzima gari mahali hapohapo asubuhi ile. Kabla yake alikuwa ameshindwa muuza viatu, na kabla ya muuza viatu, muuguzi.

"Washa tena," mkaguzi alisema.

Akawasha. Akaiachia klachi kama alivyozoea kuiachia, yaani yote kwa mara moja. Gari likaruka mbele kama limechomwa sindano, likazimika.

"Mara ya mwisho, mama."

Mara ya mwisho nayo ikawa vilevile. Mkaguzi aliandika neno moja kwenye karatasi iliyokuwa mapajani mwake, akamwomba ashuke, akahamia yeye kwenye usukani na kuliteremsha gari mpaka tambarare. Mke wa mwalimu aliteremka kwa miguu, mkoba begani, mbele ya watu wa shule zote waliosimama nyuma ya uzio wa waya. Mtu mmoja alipiga makofi. Hakuna aliyemkemea.

Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma ya uzio huohuo, vidole vyake vimeng'ang'ania waya. Walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko jingine lolote akiwa garini. Aliyeanza kumwita hivyo alikuwa mwanafunzi wa zamani, ambaye alieleza kwamba hajawahi kusikia neno la upole likisemwa kwa ukali kiasi kile.

"Jirani," alisema mwenye gari la kukodi, ambaye ndiye aliyekuwa na shule kubwa zaidi pale, "hawa watu wako ulikuwa unawafundisha kuendesha gari au kupiga penalti?"

"Gari lako lina klachi ngumu."

"Klachi yangu ni ngumu kwa wanafunzi wako tu? Wangu wamepita saba."

Gari la Taratibu lenyewe lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta, safi, kibao cha L kikiwa juu ya paa. Lilikuwa gari dogo la zamani, la gia za mkono, lililofundishia nusu ya madereva wa mtaa wao. Miezi mitano iliyopita shemeji yake aliing'oa injini ya petroli na kuweka mota iliyotolewa kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, pamoja na betri zilizojaza buti na nafasi ya tangi. Tangu siku hiyo watoto wa jirani waliliita Bubu. Bubu halikunywa petroli, halikuchemka, halikutoa moshi. Na halikuzima hata siku moja.

Asubuhi hiyo, kabla ya mtihani, mkaguzi alikuwa amefungua boneti lake.

"Injini iko wapi?"

"Haipo, mheshimiwa. Ni mota ya umeme."

"Kadi ya gari inasema petroli."

"Kadi ni ya zamani."

"Basi lete kadi mpya, au lete gari linalofanana na hii kadi," mkaguzi alisema na kulifunga boneti taratibu, kwa heshima, kama anayefunika chungu cha mwenzake. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na kanuni mkononi na alizisoma kama zilivyoandikwa. Ndiyo maana Taratibu alilazimika kukodi gari la jirani yake, ambalo bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka na klachi yake ilikuwa nzima kabisa.

Walipokutana wote wanne kando ya Bubu, wa kwanza kusema alikuwa muuguzi.

"Mwalimu, hebu nieleweshe. Kwenye gari lako mimi napanda mlima nikiwa nakunywa maji. Hapa nimezima mara tatu. Nimesahau nini?"

"Ulitakiwa usikilize injini. Ikianza kuzama, unaongeza mafuta kidogo."

"Nisikilize nini? Umenifundishia kwenye gari bubu!"

"Mimi sina maneno mengi," alisema muuza viatu. "Nataka ada yangu. Nimefunga banda leo, nimekodi mtu wa kunishikia mzigo, halafu nimezomewa na watoto wa shule ya jirani."

Mkaguzi alipita, karatasi kwapani, akasimama. "Awamu ijayo ni baada ya wiki tatu," alimwambia Taratibu. "Shule ikifelisha watu wote mara mbili mfululizo, unajua kinachofuata."

"Najua, mheshimiwa."

"Unafungiwa. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Muuguzi alisubiri aende. Kisha alimtazama mke wa mwalimu.

"Huyu mama amekaa kwenye gari lako kuliko sisi wote," alisema. "Mfundishe upya. Awamu ijayo aje yeye peke yake. Akipita, nitarudi na nitaleta na wenzangu wa wodini. Asipopita, nirudishie hela yangu, na yake mrudishie."

"Yeye hajalipa ada."

"Mimi ndiye nimelilipia gari," mke wa mwalimu alisema, akafungua mlango wa nyuma na kuingia.

*

Alikuwa fundi cherehani. Sebule yao ilikuwa na cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, na nafasi iliyoachwa wazi karibu na dirisha. Nafasi hiyo ilikuwa ya cherehani ya pili, ile ya kudarizi, ambayo akiba yake iligeuka betri. Alikubali mwenyewe, bila kusukumwa. Petroli ilikuwa inakula ada za wanafunzi kabla hazijafika nyumbani, na mumewe alikuwa anarudi kila jioni akiwa amenuna.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuwahi kuitaja. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kujifunza kuendesha kwenye gari hilohilo, likiwa bado na injini. Alizima barabarani, mbele ya lori, na mumewe alimpigia kelele mpaka dereva wa lori akashuka kuja kuamua. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu na hakugusa usukani tena. Bubu lilipokuja, alijaribu upya. Mumewe alikaa pembeni yake mikono juu ya magoti, akasema "vizuri," na tena "vizuri," na siku moja "vizuri sana." Mkewe aliyaweka maneno hayo moyoni. Alianza hata kumwekea chai kwenye chupa.

Mchana ule wa kushindwa, shemeji alikuja. Alikuwa mdogo wake mke wa mwalimu, fundi wa umeme wa maghala, mwenye mzaha hata msibani. Alilala chali chini ya usukani wa Bubu, miguu nje, akaisukuma pedeli ya klachi kwa kidole.

"Inafanya kazi kama nilivyoiacha," alisema.

"Inafanya kazi gani?" aliuliza Taratibu kwa sauti ya chini, akitupa jicho dirishani ambako cherehani ilikuwa inalia.

"Hakuna. Nilikwambia, shemeji. Mota nimeiunga moja kwa moja na giaboksi. Klachi tumeitoa. Hii pedeli nimeifunga springi ili mguu usipate upweke."

"Punguza sauti."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mke wa mwalimu alisimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Springi gani?"

Shemeji alijitoa chini ya usukani na kukaa. Alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akaanza kujipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Dada, hili ni la kwenu wawili."

"Wewe kaa hapohapo. Springi gani?"

"Pedeli ya klachi haijashika kitu," Taratibu alisema. "Imo kwa ajili ya mazoezi. Mguu unajifunza mpangilio: kanyaga, ingiza gia, achia. Nilifikiri mguu ukishazoea mpangilio, gari lolote utaliendesha."

"Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nakanyaga springi."

"Ulikuwa unajifunza mpangilio."

"Na muuguzi? Na yule muuza viatu? Wamelipa kukanyaga springi?"

Taratibu alikuwa na sababu, na kwenye kichwa chake ilikuwa sababu nzuri. Wanafunzi walikuwa wanafurahi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeacha katikati, hakuna aliyemsema mtaani. Yeye mwenyewe alikuwa analala vizuri. Kuwaambia kwamba pedeli ni pambo kungewafanya waache kuikanyaga, na hapo hata mpangilio wasingeupata. Alikuwa amelifikiria jambo hilo mara nyingi, na kila mara lilifika mwisho uleule, kwamba kunyamaza ni bora.

"Mimi nilidhani umebadilika," mkewe alisema. "Nilimwambia hata mama. Nilimwambia, siku hizi hapandishi sauti, tunaongea vizuri kabisa. Kumbe si wewe. Ni gari lilikuwa halizimi."

Aliingia ndani. Cherehani haikulia tena mchana ule.

"Shemeji," yule fundi wa umeme alisema, "unaweza kulifanya gari la umeme lizime. Ni ujinga, lakini inawezekana."

"Vipi?"

"Turudishe klachi ya kweli kati ya mota na giaboksi. Halafu naipanga mota izunguke polepole muda wote, kama injini ikiwa sailensa, gari limesimama na hakuna aliyekanyaga mafuta. Mtu akiachia klachi vibaya, mzunguko ukishuka chini ya kiwango, umeme unakatika. Ili liwake, lazima arudishe funguo aanze upya. Tulitumia hela kuliondolea ugonjwa. Sasa tutatumia hela kuurudisha."

"Klachi tulimuuzia muuza vipuri. Ilikwenda pamoja na injini."

"Basi kamsalimie."

*

Muuza vipuri alikuwa na duka refu, jembamba, lenye vyuma kila upande mpaka darini. Injini ya Taratibu ilikuwa imeshauzwa. Klachi ilikuwa ukutani, inaning'inia kwenye ndoano pamoja na gurudumu lake la chuma, imefutwa mafuta na kung'arishwa.

"Hii ni mali safi, bosi," muuza vipuri alisema akiishusha. "Angalia sahani yake. Haijaliwa. Hii ilikuwa kwa mtu mstaarabu, aliyekuwa anaitunza."

"Ilikuwa kwangu."

Muuza vipuri aliinua kichwa, akamtambua, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Basi sina haja ya kukusimulia ubora wake."

Bei aliyotaja ilizidi ile aliyonunulia klachi na injini kwa pamoja. Taratibu alimkumbusha. Muuza vipuri alikubali kwamba anakumbuka vizuri. Alieleza kwamba siku ile Taratibu alikuwa anauza chuma asichokihitaji, na leo ananunua klachi anayoihitaji, na kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

"Nipunguzie. Mimi ni mteja wako wa miaka."

"Ulikuwa. Tangu uweke umeme hujanunua kwangu hata plagi." Alimpunguzia kidogo, kiasi cha kumfanya asiondoke. "Na huu mfuko nakupa bure, usije ukachafua shati."

Taratibu aliibeba klachi begani kama mtoto aliyelala. Njiani alikutana na mwanafunzi wake wa zamani, sasa dereva wa lori la maji, ambaye alisimamisha lori na kumuuliza kama ni kweli gari lake la umeme limeharibika.

"Halijaharibika. Tunaliongezea kitu."

"Klachi?"

"Klachi."

"Mimi nilisikia umeme hauhitaji klachi."

"Hauhitaji," Taratibu alisema, na akaendelea na safari.

*

Shemeji alifanya kazi hiyo mwisho wa wiki, na vipimo vya mzunguko wa mota alivirekebisha mara kadhaa, kwa sababu mwanzoni Bubu lilikuwa linazima hata likikanyagwa sawasawa, na baadaye likakataa kuzima kabisa. Taratibu ndiye aliyelijaribu. Alikaa kwenye usukani akiachia klachi vibaya kwa makusudi, kazi aliyoiona ngumu kuliko alivyotarajia, maana mguu wake ulikuwa unajisahihisha wenyewe. Mwishowe shemeji alimwambia, "Fikiria wewe ni muuza viatu," na gari likazima.

Somo la kwanza lilikuwa asubuhi ya Jumatatu, kwenye barabara ya nyuma ya maghala, yenye mteremko na magari machache. Mke wa mwalimu alikaa, akafunga mkanda, akageuza funguo. Chini ya boneti kulikuwa na mvumo mwembamba, kama wa jokofu.

"Sasa limewaka," Taratibu alisema. "Achia klachi polepole. Sikiliza."

Lilizima.

"Tena. Sikiliza mvumo ukishuka."

Lilizima.

"Hujasikiliza."

"Nimesikiliza. Sisikii kitu."

"Mvumo unashuka kabla halijazima. Unashuka wazi kabisa. Tena."

Lilizima mara ya tatu, na ya nne, na nyuma yao pikipiki ya mzigo ikapiga honi. Taratibu aligeuka. Shingo yake ilikuwa imevimba, na neno likatoka kwa sauti ileile ya zamani.

"Taratibu! Nimesema taratibu! Una masikio ya nini?"

Mwenye pikipiki aliwapita akiwatazama. Mke wa mwalimu aliweka gia huru, akavuta handbreki, akazima gari kwa funguo. Alifanya yote kwa mpangilio, bila kukosea hata kimoja. Kisha akafungua mlango na kwenda zake, kwa miguu, upande wa nyumbani.

Taratibu alibaki garini. Mlinzi wa ghala alikuja kumuuliza kama anahitaji kusukumwa.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Alisimama mlangoni. Alitaka kusema kwamba amekosa, lakini hakuwa na mazoezi ya sentensi hiyo, na alichosema ni kitu kingine.

"Ni kweli mota haisikiki vizuri. Mimi naisikia kwa sababu najua nasikiliza nini."

"Njoo hapa," mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Kaa. Weka mguu wako hapa."

Alimpisha kwenye cherehani. Taratibu alikaa na kuweka kiatu chake juu ya pedeli pana ya chuma.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Gurudumu lilizunguka kinyume na uzi ukakatika.

"Tena," mkewe alisema. Alitunga uzi upya. Ulikatika. Akatunga tena, na tena, kwa utulivu ambao Taratibu aliuona ni adhabu kubwa kuliko kelele yoyote. "Usisikilize. Mashine haisemi chochote. Kuna mahali mkanda unashika. Kabla ya hapo mguu ni mwepesi, baada ya hapo ni mzito. Ukifika hapo, subiri. Ukipafahamu hapo tu, basi."

Uzi ulikatika mara nyingine kadhaa. Kisha mguu wake ulikuta uzito mdogo, kama mtu anayeshikwa kisigino kwa mzaha, akasubiri, gurudumu likaenda mbele. Alishona mstari uliopinda kwenye kipande cha kitambaa chakavu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Klachi yako ina mahali hapo?"

Taratibu alikuwa amefundisha udereva kwa miaka kumi na tisa na hakuwahi kuulizwa hivyo. "Inapo," alisema. "Gari linatetemeka kidogo chini ya kiti. Pua yake inanyanyuka. Kidogo sana."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo barabarani? Umekaa unaniambia sikiliza, sikiliza."

"Mimi nilifundishwa kwa sikio."

"Na kwa kelele."

"Na kwa kelele," alikubali.

Walirudi nyuma ya maghala jioni ileile na siku zilizofuata. Hakuacha kupandisha sauti mara moja. Siku ya pili alipandisha, akajikamata katikati ya neno, akabaki na "tara—" mdomoni, na mkewe akacheka mpaka akazima gari. Kuanzia hapo alifundisha akitazama nje, kwenye dirisha lake, na kusema mambo mawili tu: "bado" na "hapo." Mwisho wa wiki ya pili hakusema hata hayo. Mkewe alisimama kwenye mteremko, akaondoka, akasimama, akaondoka. Mara nyingine alizima. Akirudisha funguo, alieleza mwenyewe kilichotokea: nimepita, sijafika, nimesahau handbreki.

Muuza viatu alipita nyumbani kwao kila siku mbili kuuliza kama hela yake ipo. Haikuwapo. Ilikuwa imeungwa kati ya mota na giaboksi.

*

Siku ya mtihani wa pili muuguzi alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, bado amevaa viatu vyeupe. Muuza viatu alikuja pia, ingawa hakuwa na jina kwenye orodha. Alisema amekuja kuangalia hela yake. Bubu liliegeshwa kando ya ukuta. Gari la kukodi lilikuwa lilelile, na bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka zaidi.

Mke wa mwalimu aliitwa katikati ya asubuhi. Alirekebisha kiti, akatazama vioo, akawasha. Gari lilinguruma kwa nguvu kiasi kwamba mkaguzi alilazimika kuonyesha kwa kidole mahali anapotaka lisimame. Lilisimama katikati ya mwinuko.

"Ondoka."

Kelele ilikuwa moja, bila kupanda wala kushuka. Hakuisikiliza. Mguu wake wa kushoto uliinuka, mwepesi, bado mwepesi, kisha kiti kikatetemeka chini yake na pua ya gari ikanyanyuka kidogo. Akasubiri. Akashusha handbreki. Gari lilisimama pale bila kwenda mbele wala nyuma, kisha likapanda.

Nyuma ya uzio muuguzi alimshika muuza viatu mkono. Taratibu alikuwa amegeuka, anatazama ukuta.

"Rudi," mkaguzi alisema walipofika juu. "Tufanye tena."

Mara ya pili alizima. Muuza viatu alitamka kitu ambacho muuguzi alimwomba asikirudie. Ndani ya gari mke wa mwalimu alivuta handbreki, akaweka gia huru, akarudisha funguo.

"Nimepita," alisema.

"Umepita nini?"

"Mahali pake. Nilichelewa kusubiri."

Mkaguzi alimtazama. "Haya. Endelea."

Alipanda bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Mkaguzi alimpeleka barabarani, akamzungusha kwenye makutano, akamrudisha, akamfanya aegeshe kinyumenyume kati ya mapipa. Waliposimama aliandika kwa muda, akasaini.

"Wengi wakizima wanalaumu gari," alisema. "Wewe unajua kwa nini umezima. Umepita, mama. Kachukue karatasi yako dirishani."

Kisha alishuka na kwenda kando ya ukuta.

"Mwalimu. Fungua hili."

Taratibu alifungua boneti. Mkaguzi alitazama, akauliza maswali mawili matatu, akaenda kukaa kwenye usukani wa Bubu. Aligeuza funguo. Aliachia klachi kama mtu aliyeendesha magari maisha yake yote, akisubiri sauti ya injini imwambie. Bubu liliruka na kunyamaza.

"Limekufa?"

"Limezima, mheshimiwa. Rudisha funguo."

Alirudisha funguo, akajaribu tena. Lilizima tena. Muuza viatu alicheka peke yake, kwa sauti, halafu akakohoa. Mara ya tatu gari liliondoka, likazunguka uwanja kimya na kurudi. Mkaguzi aliteremka akiwa ameshika mgongo.

"Kabadilishe kadi iandikwe umeme," alisema. "Ikishabadilishwa, awamu ijayo leta hili hili."

Muuguzi alikuwa ameshafungua mlango wa dereva.

"Niliahidi," alisema. "Nipe niendeshe mpaka nyumbani. Leo sijalala, lakini siku ile nilikuwa nimelala vizuri na bado nikazima."

Mke wa mwalimu alikaa nyuma, karatasi yake imekunjwa ndani ya mkoba. Muuza viatu alikaa kando yake, akasema anaomba lifti tu, asieleweke vibaya. Taratibu alikaa mbele, mikono juu ya magoti. Getini kulikuwa na foleni ya magari ya shule nyingine yanayotoka. Zamu yao ilipofika muuguzi aliachia klachi, na Bubu likazima katikati ya geti.

Gari la nyuma lilipiga honi. Likapiga tena, kwa kushikilia. Mishipa ya shingo ya Taratibu ilisimama, na mkewe, aliyekuwa nyuma yake, aliiona. Mdomo wa mumewe ulifunguka. Akaufunga, akageukia dirisha lake, akatazama nje.

Muuguzi alirudisha funguo, akawasha, na gari likatoka.